Siku Niliyotumbukia Kwenye Chemchemi Niliyoandika Haipo

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana sokoni Kasulu wanaisimulia kwa nyongeza.

Kampuni ndogo ya ushauri ilinipa kazi ya kuandika tathmini ya athari kwa mazingira, ili iingizwe kwenye mpango wa muda mrefu wa kambi moja ya jeshi kati ya Kasulu na Kibondo, na kazi yenyewe ilikuwa kukanyaga kila bonde kabla jeshi halijaamua lijenge nini wapi. Bonde la mwisho sikulishukia. Nilivaa viatu vipya (vya ngozi, jamani, nivipeleke topeni?), nikasimama barabarani, nikaona nyasi zilizokauka na matawi yamelazwa chini, nikaandika: "Bonde kavu, halina maji."

Wiki iliyofuata, mbele ya maofisa na wanakijiji, nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na Meja anayesimamia mipango akaweka kidole palepale kwenye ramani: ghala la mafuta. Mama Nestori, mkulima wa kijiji kile, akasimama.

"Mwanangu, hilo bonde ulifika?"

"Nilifika, mama." (Mungu anisamehe.)

"Basi tupeleke."

Meja akasema twende wote. Nikatangulia kwa mwendo wa kitaalamu, na akina mama walipoita nyuma yangu, "Simama! Simama wewe!" nikadhani wanataka ubishi, nikaongeza hatua, nikakanyaga yale matawi, nikazama hadi kiunoni kwenye maji baridi, ripoti mkononi. Kumbe chemchemi yao huifunika hivyo ng'ombe wasiichafue.

Kisha Mama Nestori akasema kwa Kiha, "Ego," yaani ndiyo, "sasa ndiyo amefika!"

Askari walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye ndiye aliyenivuta, kwa kitenge chake, akinipa pole kama vile si mimi niliyetaka kumwekea mafuta juu ya maji ya kunywa ya wajukuu wake. Naye Meja hakunifukuza. Alikata lile ghala kwa kalamu nyekundu, akasema, "Mwandishi, anza upya, bonde kwa bonde."

Nawashukuru wote wawili. Lakini zaidi nayashukuru yale matawi yaliyooza, kwani ningepita pembeni hatua mbili tu, ningerudi mjini mkavu, napongezwa. Siku hizi nikifika mahali sifungui daftari. Namtafuta kwanza mwenye ndoo kichwani, namsalimia, namfuata nyuma.