Punje Zilizoanikwa Juani

Kiwandani walimwita mjomba wangu Shanga, na si kwa kujipamba. Kwa sura ile hata kidani cha dhahabu kingeomba uhamisho. Kazi yake ilikuwa kutunza punje za resini, ndogo kama mbegu za haradali, rangi ya asali, zilizojaa kwenye tangi refu kuliko mlango.

Kiwanda kile huchovya vyuma kwenye kromu ving'ae. Maji ya kusuuzia hutoka ya manjano, yamejaa sumu. Yakipita katikati ya punje, sumu inanaswa, maji yanakwenda mtaroni maangavu. Punje zikishiba, Mjomba anaziosha kwa maji ya chumvi, zinatapika, zinaanza upya.

"Nina watoto tangi zima," alikuwa akisema, "na hakuna hata mmoja anayeniomba viatu."

Lakini punje nazo huzeeka. Zake zilichoka hadi ukiziosha leo, kesho umanjano unarudi. Na mtaro ule unapita nyuma ya bustani ya dada yake, yaani mama yangu, anayemwagilia mboga kwa maji hayohayo kwa kuwa hana mengine. Mjomba akaomba punje mpya mpaka meneja akawa anamkwepa kama mdeni. Mwishowe magunia yakaja, naye Mjomba yuko kitandani na homa.

Aliyeyapokea ni mtunza stoo, mama mwenye roho safi kupita kiasi. Alipofungua akakuta punje zina unyevu. Akaona zitaota ukungu. Akazimwaga juu ya turubai, akazianika, akawa anazigeuza kama mahindi.

"Nimekukaushia, Shanga," alimwambia Mjomba aliporudi kazini. "Ahsante yako iko wapi?"

Mjomba alitumbukiza mkono guniani, akakaa chini palepale sakafuni. "Mama, hizi hazikaushwi. Zikikauka halafu zikanywa maji ghafla, zinapasuka."

"Sasa mbona hukusema?"

Angesema saa ngapi, na homa ile? Alizilowesha kwanza kwenye chumvi kali, maana chumvi huzinywesha taratibu. Akaweka sikio kwenye pipa. Ta, ta, ta, zilikuwa zinapasuka. Za zamani alikuwa ameshazitupa, basi akajaza hizohizo tangini. Unga wake ukaziba chujio, maji yakagoma kupita, yakafurika mpaka kwenye vifundo vya wachovyaji.

"Fungua koki ya pembeni!" meneja alipiga kelele.

"Bosi, ile inakwenda mtaroni moja kwa moja."

"Una njia nyingine? Nitajie."

Wachovyaji walikuwa wamepanda juu ya ndoo, mmoja viatu mkononi. Mjomba akashika koki. Akafungua.

Kisha akampigia mama yangu simu. Nilikuwa naye bustanini, simu yake inasikika mpaka kwa jirani.

"Dada, usiguse maji ya mtaro leo."

"Na kesho?"

Mjomba akarudia yaleyale.

"Wewe Shanga, nimwagilie mate? Jua limeshaikunja miche yangu."

"Punje zimekufa, dada. Subiri zije nyingine."

"Zinakuja lini?"

"Ndiyo kwanza nataka kuanza kuomba."

Mama hakumtukana, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu mama yangu humtukana mdogo wake hata akipiga chafya. Alisimama ukingoni na ndoo tupu. Umanjano ulikuwa umeshafika miguuni pake.