Siku Taa za Gari Zilipogoma

Nyuma ya nyumba tunayokaa hapa Mombasa kuna mafundi wa mashua, na upepo ukigeuka harufu ya sifa huingia mpaka jikoni. Sifa ni mafuta ya ini la papa. Hupakwa mbao za chombo ili zisiliwe na maji ya chumvi. Majirani hufunga madirisha. Mimi hufungua. Ni uvundo, sibishi, na mume wangu ana haki ya kulalamika. Lakini ikinikuta nakata vitunguu, kisu husimama chenyewe, nami nimesharudi Kismayo, katika ua wa baba yangu, nina miaka tisa. Au kumi. Dada yangu wa kambo asema kumi, na yeye ana kichwa kizuri kuliko mimi.

Nilisoma Kurani chuoni, kisha skuli mpaka darasa la nne, na hapo nikaishia. Kwa hiyo mnisamehe palipopinda. Naandika kwa sababu kuna jambo la ua ule ambalo sijamwambia mchu, kama tuitavyo mtu kwetu, na naona ni vyepesi kuwaambia nyinyi nisiowaona nyuso.

Baba alikuwa fundi wa mashua, mzaliwa wa kisiwa cha Chovae. Tulipohamia Kismayo kazi ya mashua ilipungua, akajikuta na pikapu kuukuu ya kubebea samaki na barafu. Gari hakulijua, alijua chombo, basi akalitunza kama chombo. Kila chuma alichokiona alikipaka sifa: bawaba za milango, springi, boliti, mpaka vichwa vya betri. Nzi walitufuata barabara nzima. Watoto wa mtaa walipotuona walikuwa wakiziba pua na kupiga kelele, "Papa huyoo!" Ila haki yake nimpe: magari ya wenziwe yaliliwa na kutu mpaka ukaona barabara miguuni, na la baba halikutoboka.

Mama yangu alifariki nikiwa sijaota meno. Bibi, mama yake baba, akaacha nyumba yake Chovae akaja kunilea. Baba alikuja kuoa tena, na mama wa kambo hakunitesa, nisimsingizie. Lakini mimi nilikuwa wa Bibi. Nililala mgongoni mwake, nikala mkononi mwake, na akienda kujifungia chooni nilikaa mlangoni nikimwita mpaka aitike.

Siku ya jambo lenyewe zilikuja habari kwamba dadake Bibi, aliyekuwa amebaki Chovae, yu taabani na anamwita. Bahari ya nje ilikuwa imechafuka, mashua haziendi kusini kutoka Kismayo. Njia iliyobaki ni gari mpaka ufuoni, mkabala wa kisiwa, ambako jamaa walikuwa na kidau cha kumvusha. Kidau kile kilihitaji maji yakiwa yamejaa, na maji yangejaa kesho yake asubuhi mapema. Kwa hiyo gari liondoke kabla ya alfajiri, gizani, kwenye njia ya mchanga na miiba. Baada ya hapo maji yangekuwa madogo siku nyingi, na mgonjwa hakuwa na siku nyingi.

Adhuhuri baba akajaribu taa. Za nyuma ziliwaka. Za mbele, zote mbili, kimya.

Alilisogeza gari chini ya banda la makuti lililokuwa uani, akafungua boneti. Bibi alikwisha kuvaa buibui. Alikaa kwenye kiti cha kamba, mbele kabisa ya gari, furushi lake miguuni, kama abiria aliyekata shauri kwamba akiondoka hapo ni kuingia ndani ya gari tu.

"Hamadi," alimwambia baba, "mchu aliyejenga majahazi, vitaa viwili vinamshinda?"

"Jahazi halina nyaya, Mama."

Kwa kweli baba alijitahidi. Alichomoa globu akaigusisha kwenye betri: ikawaka. Akaweka mpya hata hivyo: kimya. Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye jua, uzi wake ulikuwa mzima. Akaja jirani yetu Nuur, tuliyemwita Adeer, yaani ami, Msomali aliyewahi kuendesha malori, akainama akanusa.

"Walaal, ndugu yangu, hili gari unaliendesha au unalikaanga?"

"Wewe ngamia wako ulimpaka nini?"

"Ngamia hahitaji kupakwa. Wala taa haihitaji."

"Basi kamlete umpeleke mama yangu!"

Walicheka wote wawili, na Bibi akacheka ndani ya buibui. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepewa bisibisi niishike, na nilikuwa nikiomba, kwa maneno niliyofundishwa chuoni, taa zile zisiwake.

Baba aliingia ndani ya gari, akalala chali kichwa kikiwa chini ya dashibodi, akifuata nyaya. Swichi aliiacha imewashwa. Adeer Nuur alikwenda kwake kutafuta globu ya kupimia. Nikabaki peke yangu kando ya injini, Bibi upande wa pili, tumetengwa na lile boneti lenye bawaba mbele, lililosimama wima. Pembeni mwa taa kulikuwa na waya mweusi wenye kipete mwishoni, umefungwa kwa boliti kwenye bodi. Juu ya boliti sifa ilikuwa imekauka tabaka juu ya tabaka, ngumu, ya rangi ya asali. Nilianza kuibandua kwa ncha ya bisibisi kwa ajili ya kuchoka tu, kama mtoto anavyobandua kigaga. Kikatoka kipande, nikaona bati linang'aa. Nikasukuma bisibisi kati ya kipete na bati.

Mwanga ukaanguka kwenye nguo za Bibi.

Niliuona kupitia ule mwanya mwembamba chini ya boneti: buibui jeusi limepata weupe magotini, na vumbi linacheza hewani. Nikaondoa mkono. Ukazimika. Nikagusisha tena, ukarudi. Sikuijua sababu, mambo ya umeme sikuyajua, lakini nilijua ni hapo. Kule ndani baba alikuwa akinung'unika na nyaya zake. Nikaitoa bisibisi, nikaifuta kwenye gauni langu, nikaishika mgongoni.

Nilinyamaza. Sitaki kupamba. Sikunyamaza kwa kuogopa wala kwa kutojua. Nilinyamaza nikimjua yule mgonjwa kwa jina, nikijua kwamba alikuwa akinitumia kaimati za sukari kila chombo kilipokuja. Nilisema moyoni: yeye ana watu wengi, mimi nina Bibi.

Alasiri ikaingia, tukaswali, wakaendelea. Adeer Nuur akapima swichi, akapima waya mwekundu, akasema moto unafika mpaka kwenye taa, ajabu haziwaki. Baba hakuitazama ile boliti hata mara moja. Sasa naelewa kwa nini: kila kitu kwake kingeweza kuwa adui, kasoro sifa. Tangu babu zake, sifa ndiyo iliyookoa vyombo; angeishukuje?

Mwisho akafuta mikono, akaja akachutama mbele ya mama yake.

"Mama, niwie radhi. Nimeshindwa. Kwenda bila taa njia ile ni kukuua."

"Haidhuru," alisema Bibi.

Aliinama akafungua furushi. Akatoa leso mpya aliyomnunulia dadake, haijakatwa bado, vipande viwili vimeshikana, akaikunja upya taratibu, akanipa. "Irudishe sandukuni, mwanangu."

Nilikwenda nayo mpaka mlangoni. Ilikuwa nyepesi, ina ule ugumu wa nguo ya dukani. Ningependa kuwaandikia kwamba niliona huruma, lakini sikumbuki huruma. Nakumbuka mguu uligoma kuvuka kizingiti. Niligeuka, nikarudi, nikaweka kidole kwenye boliti.

"Baba, ni hapa."

"Hapa nini?"

Nikamwonyesha. Taa zikawaka, na Adeer Nuur akapiga ukelele akajishika kichwa. "Sifa! Si nilikwambia? Umelivisha gari koti, halipati pumzi!" Baba alichukua spana. Alifungua boliti, akasugua kipete na bati kwa msasa mpaka vikawa vyeupe, akakaza. Taa zikawaka kwa nguvu ambayo sijapata kuiona tena kwenye gari lile. Kisha, mbele ya macho yetu, akachukua kitambaa akapaka sifa juu ya ile boliti, na Adeer Nuur akaondoka akicheka peke yake. Baadaye fundi mmoja aliniambia kwamba hapo baba hakukosea: mafuta juu, baada ya kukaza, hulinda; yakiingia kati ya kipete na bati ndipo hukata moto. Nami naliandika ili lihesabiwe upande wake.

Hakuna aliyeniuliza nimeijua lini.

Waliondoka nimelala. Bibi alimkuta dadake yu hai, wakakaa pamoja juma zima, na alipofariki akamwosha kwa mikono yake. Alikuwa arudi maji yakijaa tena. Lakini mapigano yakafunga njia ile, sisi tukakimbilia Kenya, naye akabaki Chovae mpaka alipofariki. Sikumwona tena. Miaka mingi nilijibebesha mambo mawili yasiyokaa pamoja: kwamba nilitaka kumnyima dadake, na kwamba ni mimi niliyempeleka asirudi.

Mwaka jana taa ya bajaji ya mume wangu ilikufa, nami nikasema niacheni, naijua kazi hii. Nilifungua, nikasafisha waya, nikamwomba jirani yangu akae mbele anitazamie. Nilikuwa bado nahangaika na skrubu, sijaona chochote, akapiga kelele, "Ishawaka! Utanipofusha!"

Mikono yangu ilibaki hapo hapo.

Aliyeko nyuma ya taa huona mwanga kwenye vitu vingine. Aliyeketi mbele yake, mwanga humwingia machoni. Siku ile ziliwaka mara mbili, hatua tatu kutoka usoni mwa Bibi. Aliziona kabla yangu, na alijua aliyebaki kwenye injini ni mimi peke yangu. Alijua naijua dawa ya taa, na alijua nimeificha. Baba alikuwa karibu tu. Neno moja lingetosha. Hakulisema. Alikaa na buibui lake tangu adhuhuri mpaka alasiri ikaisha, dadake akimngoja ng'ambo, akaniachia mimi niseme. Na nisingesema, nadhani angeshuka pale kitini, akavua buibui, akaja kunipikia.

Nadhani. Sina wa kumuuliza.