Jiko Ukingoni mwa Shimo

Nakumbuka siku moja kikohozi kilinifikia kabla sijaona kitu. Ukungu wa Newala ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, na kikohozi kilitoka chini ya ardhi, ndani ya gereji nilikojifunzia ufundi. Baba Melania, fundi wangu, alikuwa ndani ya shimo la kutengenezea magari, chini ya gari la petroli, akifungua tangi lake lililovuja.

Mwanangu, unaijua baridi ya huku kwetu juu. Asubuhi za kipupwe tulifunga milango yote, tukaweka jiko la mkaa ukingoni mwa shimo ili fundi apate joto. Kwetu ule ulikuwa wema. Basi nami nikaja na jiko linalowaka, nikaita, "Shikamoo, Baba Melania!"

Hakuitikia. Kikohozi tu, nacho kilikuwa kinafifia.

"We kijana!" Mkewe, aliyekuwa akiuza uji hapo nje, alikuwa ameingia nyuma yangu. "Unataka kumkaanga mume wangu? Na chumvi umeleta? Toa moto wako, peleka mbali!"

Niliutoa, nikarudi mbio nikitaka kurukia shimoni. Akanishika shati.

"Ukianguka na wewe, nitavuta wangapi? Fungua milango!"

Tukaifungua yote. Upepo ukaingia. Akateremsha kamba, akaita jina la mumewe, jina lile ambalo mbele ya watu hakulitaja kamwe. Kisha kamba ikakaza; alikuwa ameishika.

Tulipomfikisha juu alitapika, akapepesa macho, akaomba uji.

"Umepoa kwa kukungoja," mkewe akasema, huku machozi yakimtoka.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mwanangu. Hutulia shimoni kama maji kisimani. Hulewesha mtu asiuone, na cheche moja hutosha kuulipua.

Kesho unaanza kazi Masasi, kwenye gereji yenye lifti. Nimefurahi mno. Gari litapanda, nawe utasimama penye hewa na mwanga. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Lifti nayo ina hasira zake. Mikono yake ikae penye chuma imara cha gari. Inua gari kidogo, litikise, likitulia ndipo upandishe. Usipite chini yake kabla loki za kuizuia isishuke hazijashika. Na siku ukipelekwa shimoni, maana mashimo bado yapo mengi, moto uwe mbali na mtu akae juu wa kukuita. Mwenzako akinyamaza chini, usimfuate kwa huruma tupu. Leta hewa, leta kamba, leta watu. Kazi ikiisha, lifunike shimo kwa mbao.

Nenda, mwanangu. Mungu aijaze mikono yako kazi, akurudishe kila jioni na grisi kwenye nguo na pumzi tele kifuani. Milango ya gereji iache wazi. Huu wangu ufunge, baridi inaingia.

Umecheka. Nyuma yako mlango umefungwa, taratibu.