Murugi na Mabati ya Simiti

Mafundi wengi wa paa huomba jua. Murugi huomba ukungu. Mwezi wa Agosti, milima ya Nyandarua inapojifunika na manyunyu kushuka Tetu tangu alfajiri hadi saa nne, mafundi wengine hujikunyata kibandani wakinywa chai na kulaani baridi. Yeye hutoka nje, hunyoosha kiganja, akaridhika. Asbesto iliyolowa haitoi vumbi, na vumbi ndilo lililomfanya arudi darasani kusomea kazi upya akiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ndogo ambayo watu hulazimika kunyamaza ili waisikie. Baba yake, Kingori, alikuwa fundi, na Murugi alijifunza kushika misumari kabla ya kushika kalamu. Shule aliyosoma, Shule ya Msingi ya Gathugu, iliezekwa na baba yake huyo mwaka 1979 kwa mabamba ya asbesto. Watu wa Tetu waliyaita mabati ya simiti, na waliyapenda. Hayakushika kutu, na mvua ikinyesha mwalimu alisikika. Kipande kikivunjika, watoto walikiokota na kuandikia ukutani kama chaki. Krismasi wavulana walivitupa vipande motoni vikalipuka kama risasi, na kila mtu akasogea karibu kutazama. Murugi naye alisogea.

Baba yake alifariki mwaka 2011. Hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja, lakini pumzi yake ilifungwa kidogo kidogo mpaka akawa anapumzika mara tatu kati ya jikoni na lango. Daktari mmoja wa Nyeri aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliuliza nyumbani kwao: "Huyu mzee aliwahi kukata asbesto?"

Murugi alilibeba swali hilo kutoka hospitali, na halikumwacha. Aliuliza, akasoma, akatafuta mafunzo, akapata leseni. Miaka kumi na miwili sasa anaongoza kikundi kidogo kinachoondoa mapaa hayo katika miji yote inayouzunguka Mlima Kenya. Ameshusha mapaa ya maghala, ya zahanati, ya nyumba za walimu. Hajavunja bamba moja kwa makusudi, na wale anaofanya nao kazi husema anayajua mabamba kama mkulima anavyowajua ng'ombe wake.

Agosti mwaka jana zamu ya Gathugu ikafika. Shule ilikuwa imefungwa, vibali vilikuwa tayari, na lori la kupeleka mabamba mahali palipoidhinishwa kuzikiwa lilikuwa limepangwa. Murugi alikuja na watu watatu. Alhamisi walijenga majukwaa ya kusimamia, kwa kuwa asbesto kuukuu haikanyagwi. Mtu hutumbukia nayo. Ijumaa saa saba Ogutu, msaidizi wake wa siku nyingi, alirudi kutoka hoteli ya pale njiapanda akiwa hajamaliza chapati yake.

"Mama Shiro, kuna maneno," alimwambia Murugi, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Ati kesho ni ngwatio. Kila boma inakuja na nyundo. Wanasema sisi tunapaka hiyo paa mafuta badala ya kuitoa. Wao watamaliza kabla ya lunchi."

"Nani amesema?"

"Mwenyekiti wa wazazi mwenyewe, Mzee Wamae. Na kila mtu anaenda nyumbani na mabati mawili ya boma ya ng'ombe."

Murugi aliketi juu ya ndoo. Ngwatio ilikuwa jambo jema kuliko yote aliyoyajua pale kijijini. Leo wote wanalima kwako, kesho wote wanavuna kwangu, na hakuna anayesubiri kuombwa mara mbili. Shule yenyewe ilijengwa hivyo. Na sasa wema huo huo ungekuja asubuhi na nyundo sitini, uyavunje mabamba mia tatu, uujaze uwanja wa watoto vumbi lisiloonekana, halafu ulisambaze kijiji kizima, mabamba mawili mawili.

"Mimi nimelelewa Kiganjo, mtoto wa polisi," Ogutu alisema. "Napiga simu moja tu, landrova inakuja."

"Ikija watarudi nyumbani. Halafu watangoja twende. Na yale mabati yako kwa maboma zao tangu zamani, nani atanionyesha tena?"

"Sasa utafanya nini?"

"Nitawaambia ukweli."

Ogutu alicheka, akaimaliza chapati. "Ukweli haina sare, Mama Shiro."

Jumamosi ukungu haukutokea. Jua lilitoka mapema, kali, na upepo mkavu ukapita juu ya majani ya chai. Kufikia saa mbili watu walikuwa wamejaa uwanjani na nyundo, mitaimbo na ngazi. Pikapu moja ilikuwa imeegeshwa tayari kubebea. Akina mama walikuwa wamepanga mafiga chini ya upenu wa darasa la nne, mahali pasipo na upepo, na masufuria mawili yalikuwa yanatokota, moja la githeri na moja la uji. Aliyekuwa anaukoroga uji kwa mwiko mrefu alikuwa Wangui, mama yake Murugi.

Murugi alivuta utepe wa manjano kutoka nguzo hadi nguzo, akasimama mbele yake. Mzee Wamae alikuja taratibu, koti limefungwa vifungo vyote, nyundo mkononi.

"Umeamkaje, Baba."

"Nimeamka vizuri. Murugi, toa hiyo kamba, watu wafanye kazi."

"Siwezi, Baba."

"Hii paa tuliweka na baba yako. Mimi nilikata hizi mabati na msumeno mpaka nywele ikawa nyeupe kabla ya uzee. Saa hii niko na miaka sabini na nane, na nakamua ng'ombe nne kila asubuhi." Aligeuka ili wote wamwone. "Niangalieni. Nimekufa?"

Watu walicheka. Murugi alingoja kicheko kiishe.

"Hujakufa, Baba, na Mungu akuongezee. Lakini mlikuwa wawili."

Mzee aliitazama nyundo yake. Kabla hajajibu, mzazi mmoja aliyeitwa Mwai, mwenye pikapu, alipaza sauti kutoka nyuma.

"Si ungeanzia kwa mama yako? Jikoni yake iko na mabati gani? Ama ya kwenu haiui?"

Kicheko cha mara hii kilikuwa kikubwa, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kweli. Paa la shule lilipokwisha mwaka ule, mabamba yaliyobaki yaligawiwa watu wa ngwatio kama shukrani, na Kingori aliezeka jiko lake. Mara tatu Murugi alikuwa amemwomba mama yake ayaondoe. Mara tatu Wangui alikuwa amejibu kwamba mume wake aliyafunga kwa mikono yake, na atakayeyatoa amtoe na yeye. Murugi akajifariji kwamba bamba zima lisiloguswa halina madhara makubwa, ingawa aliujua ufa uliokuwa juu ya mlango.

"Ni kweli," alisema. "Iko na kumi na moja. Niliogopa kumkosea mama yangu. Hiyo ni makosa yangu, si ya mabati. Mwai, nyundo yako iko wapi?"

"Iko hapa."

"Kuja basi. Leo utanisaidia."

Alimwambia Shirleen, msichana wa kikundi chake, alete bati kuukuu la chuma lililokuwa limeegemezwa chooni. Walililaza juu ya karia ya mizigo ya pikapu, likalala juu kuliko vichwa vya watu. Kisha Murugi akaenda kwa akina mama na kuomba unga wa mahindi uliobaki, mkebe mmoja wa kasuku. Walimtazama vibaya.

"Chakula haichezewi," mmoja alisema.

"Nitanunua ingine. Niwekeeni hiyo tu."

Akapanda, akaumwaga unga juu ya bati na kuusawazisha kwa kiganja. Akashuka.

"Sasa panda, Mwai. Piga vile ungepiga ile ya juu. Usiihurumie."

Mwai hakuwa mtu wa kuhurumia kitu. Alipiga mara tatu. Unga uliruka, upepo ukaupokea, na wingu jeupe likapita juu ya uwanja bila haraka. Watoto walishangilia. Wanaume walijifuta macho. Mtu akasema Mwai sasa amezeeka kuliko mwenyekiti, na ni kweli, nyusi zake zilikuwa nyeupe pe. Walicheka mpaka Murugi akaanza kunyoosha kidole. Kola ya Mzee Wamae. Leso ya mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake. Utando juu ya uji. Hata mwanamke aliyesimama mbali kabisa, karibu na lango, alikuwa na unga kifuani.

"Mwai amepiga mara tatu," Murugi alisema. "Huko juu ni siku nzima, watu sitini. Unga mnauona, mtajipangusa. Ile hamtaiona. Inaingia na pumzi, haitoki, na inaweza kungoja miaka thelathini. Si kila mtu inamshika. Baba hapa haikumshika. Lakini nani kati yenu anataka kuchagua ni mtoto gani itamshika?"

Wangui, ambaye hakuwa ameinua kichwa tangu jiko lake litajwe, aliuweka mwiko chini. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakitazama kilivyojaa unga.

"Baba Murugi alikuwa anarudi hivi," alisema, kama anayezungumza na kitambaa. "Nguo nyeupe. Mimi nilikuwa naikung'uta pale mlangoni kabla ya kufua. Kila jioni. Na Murugi nilikuwa nimembeba mgongoni."

Murugi alikuwa hajawahi kulisikia jambo hilo.

"Hamisheni hizi sufuria," Wangui aliwaambia wenzake, na sasa sauti yake ilikuwa ile iliyojulikana kanisani na sokoni. "Huu uji mwageni, tutapika ingine kanisani. Na wewe, Murugi, Jumatatu uje na watu wako kwangu. Lakini mkivunja nyungu yangu hata moja, mtanijua."

Mzee Wamae aliinamisha kichwa, akaingiza nyundo yake ndani ya koti kama anayeficha kitu cha aibu. Kisha akawa mwenyekiti tena. Aliwauliza watu wanasimama wakitazama nini. Maji yalihitajika, basi vijana wakachote mtoni wajaze mapipa nje ya utepe. Wengine waende nyumbani, kila mtu ahesabu mabati yake ya simiti bila kuyagusa, arudi amwambie yule msichana mwenye daftari.

Wazee walioletewa viti kando ya barabara, mbali na utepe, ndio walioona kazi inavyofanywa. Murugi na Ogutu walivaa ovaroli nyeupe za kutupwa na barakoa zenye vichujio, wakapanda jukwaani. Walilowesha kwanza, kwa maji yenye sabuni kidogo, kwa pampu ya mgongoni kama ile ya kupulizia kahawa. Boliti zilikatwa moja moja. Hapakuwa na nyundo. Bamba la kwanza lilinyanyuka zima, likapokelewa kwa mikono, likashushwa kama mtoto aliyelala, likafungwa kwa nailoni nzito tabaka mbili na kubandikwa onyo.

"Wanachelewa," mzee mmoja alisema.

"Nyamaza," Wamae alimjibu. "Tulienda haraka, ukaona."

Kufikia saa tisa, boma thelathini na nne zilikuwa zimeandikwa katika daftari la Shirleen. Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Wamae mwenyewe.

"Andika kumi na nne," alisema. "Na kipande moja ile nanoa nayo panga. Hiyo nimenoa miaka mingi."

"Usinoe leo, Guka," Shirleen alimwambia mzee.

"Sijasema nitanoa. Nimesema uandike."

Jumatatu ukungu ulirudi. Nyungu zote za Wangui zilikuwa zimetolewa mapema na kupangwa kwa jirani kulingana na ukubwa, naye alikaa katikati yake kama mlinzi. Jiko lilikuwa dogo, na kazi ilikwenda vizuri. Mabamba yalikuwa meusi kwa moshi wa miaka arobaini na zaidi. Bamba la kumi na moja, lile la ufa, lilikuwa limefunikwa ukingoni na bamba lililopakana nalo, na pale moshi haukufika Murugi aliona penseli ya baba yake: herufi K na namba, mwandiko umelala upande kama yeye mwenyewe alivyopenda kusimama. Alipulizia maji. Maandishi hayakufutika. Akalifunga bamba kwa nailoni, upande wa maandishi ukiwa juu, na Ogutu aliyekuwa ameona akabandika onyo kando ya maandishi.

"Imebaki ngapi?" Wangui alipaza sauti kutoka kwa jirani.

"Imeisha, Maitu," Murugi alimjibu mama yake.

"Basi toka huko uoge. Chai iko kwa nyumba, inapoa."

Murugi alisimama palepale kwenye nailoni iliyotandikwa chini, akapuliziwa maji mwili mzima. Alivua ovaroli kwa kuipindua ndani nje, akaitia katika mfuko wa takataka za asbesto, akafunga. Barakoa aliivua mwisho. Aliosha uso, mikono, shingo, nywele, akavaa nguo safi alizokuwa ameziacha mbali. Kisha akapita mlangoni kwa mama yake kunywa chai, bila kukung'uta kitu.