Bima ya mwaka ya safari: nilitakiwa kuchagua kati ya kutibiwa pumu na kurudishwa nikifa

Assalaam aleikum wakuu, na wengine wote habari za kuhangaika.

Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo atakayefika mwisho nashukuru mapema. Majina nimebadilisha. Mengine yote yalinipata kama nitakavyoyaeleza.

Naanza na swali lililoninyima usingizi karibu msimu mzima wa karafuu: kama uwezo wangu unatosha kununua kitu kimoja tu, ninunue kutibiwa nikiwa hai ugenini, au ninunue kurudishwa kwetu nikifa?

Mimi ni binti wa Wete, Pemba, mtaa wa Jadida. Nilimaliza chuo, nikakaa nyumbani mpaka majirani wakaacha kuniuliza kazi nimepata au bado, halafu nikaajiriwa na kampuni ndogo inayouza mafuta ya makonyo.

Kwa wasiojua, makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Vinapikwa, yanatoka mafuta, na wanunuzi wako Muscat, Nairobi, Moroni na kwengineko. Kazi yangu ni kubeba sampuli na kwenda kukaa mbele ya watu ambao hawajibu email.

Halafu nina pumu tangu mtoto. Ndiyo, nina pumu na nauza karafuu. Wameshacheka wengi, na nyinyi chekeni tuendelee.

Ofisi inalipa tiketi na hoteli. Bima iko juu yangu. Zamani nilikuwa nakata ya single trip, kila safari na bima yake, na nikidhani nimemaliza kila kitu.

Mpaka safari moja ya Muscat.

Muscat yuko shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Tumwite Shangazi Zuwena. Sasa Mpemba akienda Muscat kikazi, ile kazi ndiyo nyongeza. Safari yenyewe ni kupita kwa jamaa, na kila nyumba ule, na kila nyumba ulale, na ukiiruka moja habari inafika Wete kabla yako.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshafunga begi. Shangazi akaja akalikalia.

Si mfano huo wakuu. Alilikalia kabisa, na kikombe chake cha kahawa mkononi, akaniambia kuna harusi ya mtoto wa jamaa yetu na kwamba nikiondoka kabla yake nitakuwa nimemvunjia heshima baba yangu kaburini. Nikaisogeza tiketi mbele.

Bima sikuisogeza. Mimi ninayerudi mara tatu kuangalia kama nimezima pasi, bima haikunijia akilini.

Kwenye harusi wakapitisha chetezo, na udi wao si wa mchezo. Unafukizwa nguo, unafukizwa nywele, na kukataa ni utovu wa adabu. Nikafukizwa. Kifua kikafunga.

Walitaka kunikimbiza hospitali. Nikasema sijambo, joto tu. Nikaingia chooni, nikafungua dirisha, nikakaa sakafuni na inhaler iliyokuwa inatoa hewa tupu. Nilikuwa nimekumbuka kuwa bima yangu ilikwisha jana yake, na nikaogopa hospitali kuliko nilivyoogopa kifua.

Mama mmoja wa kule kule harusini naye alikuwa na pumu. Akaja na inhaler yake, akanipulizia, akanisomea, akanisugua mgongo mpaka nikafunguka. Alhamdulillah. Jina lake sikuliuliza, na mpaka leo linaniuma.

Niliporudi nikaapa: single trip basi. Nakata ya mwaka mzima, ukitoka umo, ukirudi umo.

Nikaenda mjini Chake Chake kwa wakala mmoja wa bima, kijana mpole sana, tumwite Khatibu. Najua wapo watakaoniambia bima ina utata kidini. Nilimuuliza shehe wa msikiti wetu kabla, akaniambia nitafute ya takaful, ile ya watu kuchangiana. Zote mbili ninazozitaja hapa ni za namna hiyo, kwa hiyo mjadala huo tuuache.

Khatibu akaniwekea mbili mezani.

Ya kwanza ina matibabu ya wastani, lakini maradhi uliyokuwa nayo kabla haiyagusi. Yaani pumu yangu haimo. Sifa yake kubwa ni kwamba ukifia nje, wao wanashughulika na kila kitu, karatasi, sanduku, ndege, mpaka maiti ifike kwenu.

Ya pili inakubali pumu, ukiitaja na ukaleta barua ya daktari, na wanakuongezea bei. Matibabu yake ni makubwa. Lakini ukifa, wanagharamia uzikwe pale pale ulipofia. Kurudishwa hakumo.

Na kwa kuwa wanakuongezea bei kwa ajili ya pumu, ya pili inafikia bei sawa na ya kwanza. Zote mbili siwezi.

Khatibu hakufikiri hata kidogo. Akaisukuma ile ya kwanza mbele yangu. "Dada, Mpemba gani anataka azikwe na watu asiowajua? Chukua hii, wazee wako watalala."

Nikamwambia nitafikiri. Hilo ndilo kosa, maana mimi nikisema nitafikiri, ninafikiri.

Nikatengeneza Excel. Nikaipaka rangi. Kijani kwa hai, kijivu kwa maiti. Asya, tunayekaa naye ofisi moja, akachungulia akaniuliza kama nakata bima au naandika wasia. Ushauri wake ulikuwa mfupi: chukua ile ya kurudishwa, na pumu ifiche kwenye mkoba, nani atakupima kifua.

Sikuweza. Nilishasoma masharti yote, hata yale ya maandishi madogo. Ukificha maradhi na wakagundua, wanaweza kukukatalia dai lolote, hata ukivunjika mguu. Mwengine angebahatisha. Mimi ningekaa kwenye ndege nikihisi rubani anajua.

Lakini kilichonikwamisha hasa ni mjomba.

Mama yangu ana asili ya Fundo, kile kisiwa cha mbele ya Wete. Kaka yake alikwenda Arabuni kufanya kazi, akafia huko, mimi nikiwa mtoto. Ukoo mzima ulihangaika arudishwe. Simu, barua, watu kwenda ofisi hii na ile. Ikachukua muda mpaka watu wakaacha kuuliza lini.

Nilikuwepo siku alipofika Fundo. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua haikuweza kusogea pwani, na sanduku lilikuwa zito, limezibwa kwa bati ndani. Wanaume wakashuka wakalibeba kwenye tope la magotini. Kila hatua mmoja anazama, wengine wanasimama wanamngoja.

Tangu siku hiyo kichwani mwangu ilikaa hivi: kwetu, mtu wa kwetu anarudishwa, hata kwa kubebwa topeni. Na nilidhani mama ndiye mwenye kulitaka hilo kuliko wote, maana aliyekufa alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Sasa mimi nichague bima inayosema nizikwe huko huko? Nimwambieje?

Kumuuliza nikashindwa. Kwetu mtu anayeaga safari hatajiwi kifo. Anasomewa, anafungiwa kitu cha kula njiani, anaambiwa nenda salama. Huwezi kumkalisha mama yako ukamuuliza habari za maiti yako kama unamuuliza leo tupike nini.

Zikapita wiki. Safari nyengine ya Muscat ikawa inakaribia. Khatibu akawa ananitumia message za "dada vipi" mpaka naye akachoka.

Aliyevunja ukimya ni mama mwenyewe. Tulikuwa uani, yeye kwenye jamvi anachambua karafuu, mimi nimekaa upande upepo unakotoka, nimejifunga leso puani. Chai yangu iko pembeni.

"Una n'ni weye?" akaniuliza. "Kila siku chai yapoa mbele yako, waitazama tu."

Sijui ilikuwaje. Wiki zote zile nilitunga maneno ya adabu, na lililotoka ni hili: "Mama, nikifa safarini, unataka nirudishwe?"

Hakuacha kuchambua. "Wenda kufa lini?"

"Sijui."

"Basi tuchambue kwanza."

Tukachambua. Nilidhani ndiyo imekwisha hivyo, na kusema kweli nilipata afueni kidogo. Nikamweleza bima mbili zile, polepole, kama navyowaeleza nyinyi. Ya kurudishwa bila pumu, ya pumu bila kurudishwa.

Akachambua mpaka lile fungu lililokuwa mbele yake likaisha. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Wadhani kaka yangu nilitaka mie arejeshwe? Bibi yako ndiye aliyetaka, na ntu hambishii mamake. Mie nilipoambiwa kafa, nikalia, nikasema basi, keshazikwa, keshapumzika. Halafu naambiwa bado. Yumo kwenye friji, angoja karatasi. Kila nikifumba macho namwona yumo kwenye baridi."

Akavuta fungu jengine mbele yake.

"Akaja. Mlimbeba nyie watu wa pwani, mie nimo ndani na wanawake wenzangu. Sanduku likatuliwa mlangoni, nikasema nifunulieni uso. Halifunguliki. Nikalishika ubao. Ubao, mwanangu. Ndio kumuaga kwangu kaka yangu, kushika ubao."

Hapo ndipo mikono yake ilisimama.

"Weye ukifa huko, wakuoshe huko, wakuzike huko, na lisitue jua. Mie ntakusomea hapa hapa. Usije ukanipitia mlangoni kwenye sanduku."

Nikamuuliza kitu ambacho naona haya kukiandika, lakini ndicho nilichouliza: watu watasemaje, kwamba mmemwacha ntoto wenu ugenini?

"Watu gani? Hawa waliokula wali wa matanga ya kaka yangu mara mbili, alipokufa na alipofika?"

Nikacheka, naye akacheka, tukaishia kufutana machozi kwa leso ile ile niliyojizibia pua, imejaa vumbi la karafuu, nikaanza kukohoa. Ndipo akanitazama.

"Na hiyo pumu yako, Zuwena kanambia zamani. Kanambia ulijifungia chooni ukakataa hospitali. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Basi hiyo bima yako, kanunulie pumzi. Mie nataka urudi hapa unikoholee."

Wakuu, muda wote ule nilikuwa naumia juu ya jambo ambalo mwenyewe alikuwa halitaki.

Asubuhi yake nikaenda hospitali nikapata barua ya daktari, nikapanda gari la Chake, nikamwambia Khatibu naichukua ya pili, na pumu iandike wazi. Akaniuliza kama wazee wameafiki. Nikamwambia wazee ndio waliochagua. Akanitazama kidogo, halafu akaandika.

Nikalipa. Kadi ikaja kwenye simu. Nilitarajia nitahisi kitu kikubwa, lakini nilihisi usingizi tu.

Limebaki moja, na hili ndilo wengi hawalisomi. Bima ya mwaka si kwamba unakaa nje mwaka mzima. Kila safari ina kikomo chake cha siku, ukikipita uko peke yako, hata kama mwaka haujaisha. Nilipomweleza mama hilo hakusubiri. Akapiga simu Muscat, akaweka loudspeaker.

"Zuwena, ntoto arudi siku yake. Siku zikipita bima yake haifanyi kazi. Na chetezo kitie uwani."

Shangazi akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Kwani mie nilimfunga kamba?"

"Ulikalia begi lake."

Halafu wakaanza kuulizana habari za karafuu.

Nilichojifunza nakisema kichovu hivi hivi. Ukiwa na maradhi yataje, hata kama bei inapanda, maana bima isiyojua ugonjwa wako inamhudumia mtu mwengine asiyekuwa wewe. Angalia kikomo cha siku kwa kila safari, halafu kilinganishe na ndugu zako walivyo, si na tiketi ilivyo. Na sehemu ile ya kifo usiijaze kwa kukisia. Muulize anayekungoja nyumbani, hata kama kinywa kinakuwa kizito. Mimi nilikisia kwa kumbukumbu ya mtoto aliyesimama pwani, kumbe mwenye msiba alikuwa ndani na ameona mambo mengine kabisa.

Mnaosafiri mara kwa mara, nyinyi mlichagua nini? Na kuna aliyewahi kuwauliza wazee wake swali hili, wakamjibuje? Wa bima humu, kama nimekosea sharti lolote nirekebisheni, sitanuna. Nitakesha na komenti zenu, mnanijua.

Naandika haya nikiwa Muscat, sebuleni kwa Shangazi. Chetezo kiko uwani. Yeye bado amenuna, ananisemesha kwa kupitia paka. Kesho narudi siku yangu ile ile, na begi nimeliweka juu ya kabati.