Mkono Uliotia Chale Bunduki ya Kituruki

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeuza bunduki katika bonde hili la Pennsylvania miaka ishirini na tisa, na nimesikia uongo wa wawindaji wa kila namna. Kulungu wao hunenepa kila wanaposimuliwa. Lakini Arlene Shuey alinishangaza siku ya kwanza nilipomwona kazini, na mpaka leo sijapona.

Arlene alikuwa fundi wa kutia chale vitako, ile mbao ya bunduki inayokaa begani, katika kiwanda cha bunduki cha hapa kwetu. Chale ni ile mistari myembamba inayokatizana juu ya mbao, pale unapokamata, ili mkono usiteleze mvua ikinyesha. Kitako kinabanwa mbele yake, naye anasukuma kijipatasi chenye meno, mistari ishirini na miwili ndani ya upana wa kidole gumba, bila rula. Niliwahi kumuuliza anapimaje. "Sipimi," akasema. "Mstari uliopita ndio unaoniambia." Miaka sitini na sita, mjane, goti bovu, ulimi mkali, na soseji ya kulungu ambayo watu humfuatia mpaka kanisani. Miaka thelathini na minne alikuwa amekalia benchi lile lile.

Vuli moja zikaja bunduki za Uturuki. Bei nusu ya zetu, na risasi inakwenda unakoielekeza. Wateja wangu walizitukana kweli kweli: eti chuma chake laini, eti mbao zake za masanduku, eti mtu wa bonde hili hubeba cha kwao. Kisha mmoja mmoja akarudi duka likiwa tupu, akauliza bei kwa sauti ya chini kama anayenunua dawa ya bawasiri. Ikitoka moja yetu, zao zimeshatoka sita. Wanafiki wakubwa, na ndio majirani zangu, nifanyeje.

Kiwandani nako msimamizi alikuwa ameshatamka. Maduka ya bonde yasipoagiza bunduki zetu za kutosha kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa, chumba cha mafundi wa mbao kitafungwa na vitako vitakuwa vya plastiki. Oda kubwa ilikuwa yangu. Kwa hiyo benchi la Arlene lilikuwa mkononi mwangu, naye alijua, na hakunigusia hata siku moja. Afadhali angenisumbua.

Siku moja kabla ya ufunguzi duka lilijaa pomoni, na Gus Reinhold alikuwa anapayuka. Hapa kwetu ukimpiga kulungu risasi ukamkosa, wenzako hukukata pindo la shati na kulipigilia ukutani, na kwenye ukuta wangu Gus ana mapindo manne.

"Takataka hizi," alisema, ameishika ya Kituruki kwa vidole viwili. "Mwenye akili anazijua hata gizani."

"Wewe hata mchana kulungu humwoni," nikamwambia.

Watu walikuwa bado wanacheka Arlene alipoingia kununua glavu. Gus akafurahi kama kaletewa shahidi.

"Mwenyewe huyu hapa. Mama Arlene, hebu fumba macho. Waambie hawa ipi yetu na ipi uchafu."

"Gus, mimi nina mambo ya kufanya."

"Dakika moja tu, mama. Wamezidi kunibishia."

Akaguna, akaweka mkoba wake kaunta, akafumba macho. Nikampa ya kwanza. Alipitisha kidole gumba mara moja tu. "Yetu. Ya Lois hii, mwenzangu wa benchi la pili. Akifika karibu na ukingo wa chale huwa anabana mistari, nimemsema mpaka nimechoka." Nikafungua kifuniko cha nyuma ya kitako, na kweli, alama ya Lois ilikuwepo ndani. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

Nikampa ya pili. Hapo kidole kikaenda, kikarudi, kikaenda tena. Gus alikuwa ameshaandaa kicheko chake. Arlene akainamisha kichwa.

"Hii siyo yetu," akasema. "Na imetiwa chale kwa mkono."

"Haiwezekani, mama. Kwa bei hiyo? Ni mashine."

"Mashine haikosei, Gus. Huyu amekosea." Akamshika Gus mkono, akamwekea kidole kwenye mbao. "Hapa mstari ulimlalia upande. Fundi mbaya angeacha hivyo hivyo, fundi wa kawaida angeukata upya kwa nguvu na wewe ungeona. Huyu ameurudisha kidogo kidogo, kila mstari unachukua sehemu yake, mpaka umenyooka. Mistari kumi na moja. Mimi ningehitaji ishirini."

Nilikuwa nimezishika bunduki zile mamia ya mara, nimezipangusa, nimezisifia na kuzikandia, na sikuwa nimeona kitu. Sioni haya kukiri.

Gus alikuwa amekuwa mwekundu. "Mimi nilitaka kukutetea wewe," akasema.

"Najua. Ulikuja kununua ipi?"

Akatazama sakafu.

"Basi inunue. Ukichukua yetu kwa kunionea huruma utaitundika ukutani, halafu kulungu utamwinda na nini?"

Gus akanunua nyingine kama ile, na baada yake wakanunua wengine watatu, mchana kweupe, bila kunong'ona. Nadhani walidhani wamepewa ruhusa. Mimi nilibaki na karatasi ya oda mbele yangu, ilipaswa kwenda kiwandani jioni ile ile.

"Arlene," nikamwambia walipopungua, "niandike ngapi? Sema wewe."

"Andika utakazouza, Delmar. Usiniletee uongo kwenye karatasi."

Nilikuwa nimekusudia kuandika ishirini. Nikaandika mbili. Nilipoinua macho nikidhani atakuwa ananitazama, hakuwa ananitazama. Alikuwa amevaa miwani, ameisogeza ile ya Kituruki dirishani, anafuata mistari kwa ukucha, midomo inacheza.

"Jina la fundi wake halijaandikwa popote," akasema.

"Huwa hawaandiki."

"Niazime hii mpaka Jumanne," akasema. "Nataka Lois na wenzangu waishike kabla chumba hakijafungwa."