Geji ya Presha ya Doyle Unruh

Doyle Unruh alitengeneza matrekta Kansas miaka thelathini na minne, na alipostaafu akaanza kuunda ndege ghalani kwake. Ilimchukua miaka tisa. Injini aliitoa kwenye gari bovu, ile aina isiyo na pistoni, yenye rota za pembetatu zinazozunguka. Hupozwa kwa maji, na maji yakiisha haikawii kufa.

Kwa hiyo Doyle alifunga geji mbili, ya joto na ya presha ya maji. Pale uwanja wa ndege, sisi marubani wenzake tulimcheka.

"Doyle, hii ndege au mgonjwa? Kila saa kupimwa presha!"

"Chekeni tu," alinijibu. "Geji ya joto husema kweli ikiwa imelowa. Maji yakimwagika inapima hewa, inakwambia mambo shwari. Presha ndiyo huwahi kujua."

Mwezi wa sita presha ilisoma sufuri angani. Doyle akatua kwenye ngano ya watu, akamharibia mwenye shamba mavuno. Kumbe ni waya tu uliolegea. Majira yote ya joto hakupata amani. Kila alipoingia mkahawani, mtu alimkunjia mkono wa shati, eti ampime presha. Alicheka pamoja nasi, lakini masikio yalikuwa mekundu.

Septemba tulikuwa tunakwenda kula pai mji wa jirani, yeye mbele, mimi nyuma kwenye ndege yangu. Chini yetu mashamba yalikuwa yamevunwa, tambarare kama meza. Nikamsikia redioni.

"Glenn, presha imeshuka. Sufuri."

"Waya wako tena huo, mzee. Joto je?"

"Linapungua."

"Si ndiyo hivyo? Unataka kutua tena kwenye ngano ya watu?"

"Haya. Twende."

Dakika nne baadaye tulikuwa juu ya mto, miti tupu pande zote, hakuna pa kutua. Niliona moshi mweupe ukitoka ubavuni mwa ndege yake. "Imekufa, Glenn," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alijaribu kuufikia mchanga wa kingo. Hakuufikia.

Wakaguzi walikuta mpira wa maji wa rejeta umepasuka. Waya wa geji ulikuwa mzima.

Niliwaeleza nilichomwambia, wakaandika. Kisha nikaenda kwa mjane wake, LaVeta, nikamweleza vilevile, nimesimama jikoni na kofia mkononi. Alikuwa akimenya viazi. Hakuacha.

"Miaka arobaini na moja," alisema, "mimi hakuwahi kunisikiliza hivyo."

Nilingoja anitukane. Akaniuliza kama nimekula.

Pale uwanjani hakuna anayenilaumu. Wananipigapiga begani, wananinunulia kahawa. Wote walimcheka, nao wanajua. Lakini ni mimi peke yangu niliyekuwa redioni.